Mombasa hadi Jeddah: kilomita ni 2,850, lakini safari ni saa ngapi?



Kila inapokaribia Rajabu na Shaabani, watu wakianza kupanga umra ya Ramadhani, swali moja hunijia kwa simu, barazani na hata nje ya msikiti: "Kutoka hapa hadi Jeddah ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi?" Linaonekana swali jepesi. Ukiliuliza kwenye simu yako utapata jibu kabla hujamaliza kuandika. Lakini jibu hilo la simu ndilo lililomponza shangazi yangu, na mimi nikiwa msomaji wa tiketi yake. Kwa hivyo leo nimeamua kuliandika jibu kamili, ili atakaye kusafiri au kumsafirisha mzazi wake awe na pa kurejea.

Umbali wenyewe

Tuanze na ramani. Uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uko kusini ya ikweta kwa digrii nne hivi. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, uko kaskazini ya ikweta kwa digrii ishirini na moja na nusu na kidogo. Ukipiga mstari ulionyooka baina ya viwanja hivi viwili unapata kama kilomita 2,850. Kwa maili za barabarani ni kama 1,770, na kwa maili za baharini, ambazo marubani na manahodha huzitumia, ni kama 1,540. Ndiyo maana mtu mmoja hukwambia 2,850 na mwengine akakwambia 1,540 na wote wawili wakawa wa kweli. Ukisoma umbali popote, tazama kwanza umepimwa kwa kipimo gani.

Sasa lipo jambo ambalo wengi wetu hatujalizingatia. Mombasa na Jeddah ziko karibu sawasawa katika mstari mmoja wa longitudo, digrii ya 39 na nusu mashariki. Makka nayo iko papo hapo, na Madina vilevile. Maana yake ni kwamba mtu akisimama Mombasa akaelekea kaskazini barabara, ameelekea Makka. Angalia mihrabu za misikiti yetu ya Mji wa Kale: zinatazama kaskazini. Na wazee wetu, hasa watu wa bahari, walipotaka kutaja upande wa kaskazini walisema "kibla". Kamusi za zamani za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo. Wazee hao hawakuwa na setilaiti lakini walijua wanasali wakielekea wapi.

Ukiufuata mstari huo kwa kidole kwenye ramani utapita karibu na Garissa, kisha jirani ya Moyale, uingie Ethiopia upite mashariki kidogo ya Addis Ababa, uende karibu na Mekelle, utoke Eritrea hapo Massawa, halafu uvuke Bahari ya Sham mpaka Jeddah. Hakuna kona.

Kwa kuwa miji hii miwili iko katika longitudo moja, saa zake pia ni moja. Kenya na Saudia zote ziko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Ukitua Jeddah hubadilishi saa ya mkononi. Mwili haupati ule uchovu wa usiku kugeuka mchana ambao huwapata wanaokwenda Marekani au China. Kinachobadilika ni jua. Mwezi wa Juni, Mombasa jua huzama kama saa kumi na mbili na robo jioni, na Jeddah huzama saa moja na dakika chache. Mwezi wa Disemba mambo hugeuka, Jeddah ikatangulia kuingia Magharibi kabla yetu. Aliyefunga akiwa safarini asitazame ratiba ya futari ya nyumbani. Atazame jua la pale alipo.

Saa za angani

Ndege kubwa za abiria hukata kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa zikiwa juu. Lakini haziendi mwendo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Hutambaa uwanjani, hungoja zamu ya kuruka, hupanda, na mwisho hupunguza mwendo na kushuka. Kanuni nyepesi ni hii: gawanya kilomita kwa 830 hivi, kisha ongeza nusu saa. Kwa kilomita 2,850 utapata karibu saa nne. Hizo ndizo saa za ndege inayotoka Mombasa ikaenda Jeddah bila kutua popote.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusukumwa kutoka pale ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Kwa hivyo usishangae rubani akitangaza "tutakuwa angani saa tatu na nusu" na tiketi yako imeandikwa saa nne. Hapana aliyekuibia nusu saa.

Pia njia ya angani huweza kupinda. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizozoea kuikata zikalazimika kuzunguka. Safari yetu, kwa kuwa njia yake ya karibu ni ya Ethiopia na Eritrea, haikuumia sana kama za wengine. Lakini ni vyema kujua kwamba mstari wa ramani ni kitu kimoja na njia ya ndege ni kitu chengine.

Njia tatu za msafiri wa Pwani

Kwa kawaida msafiri wa Mombasa hapati ndege ya moja kwa moja hadi Jeddah. Hubadilisha ndege mahali. Na hapo pa kubadilisha ndipo safari inapokuwa fupi au ndefu. Nitazitaja njia tatu zinazotumika sana.

Ya kwanza ni kupitia Addis Ababa. Mombasa hadi Addis ni kama kilomita 1,445, ndege huchukua saa mbili na robo hivi. Addis hadi Jeddah ni kama kilomita 1,410, saa mbili hivi. Jumlisha: kilomita 2,855. Yaani karibu sawa na mstari ulionyooka, kwa sababu Addis iko njiani. Umbali haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kule kungoja tu.

Ya pili ni kupitia Nairobi. Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 425, chini ya saa moja angani. Nairobi hadi Jeddah ni kama kilomita 2,560, kadiri ya saa nne. Jumla ni kama kilomita 2,985. Wengi wetu kipande cha kwanza hukifanya kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu 2017. Treni ya haraka huchukua zaidi kidogo ya saa tano kutoka Miritini hadi Syokimau, na Syokimau si mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta. Hupunguza gharama, ila huongeza saa.

Ya tatu ni kupitia miji ya Ghuba. Chukua mfano wa Dubai, ambayo tangu 2024 ina ndege za moja kwa moja kutoka Mombasa. Mombasa hadi Dubai ni kama kilomita 3,670, zaidi ya saa tano. Kutoka Dubai unarudi tena magharibi mpaka Jeddah, kama kilomita 1,700, saa tatu hivi. Jumla ni kilomita 5,370, karibu maradufu ya njia iliyonyooka. Ni kama mtu wa Kisauni anayekwenda Nyali akapitia Mariakani. Kwa kijana mwenye shughuli zake Dubai si vibaya. Kwa bi mkubwa wa miaka sabini na magoti yanayomuuma, ni jambo la kufikiriwa.

Yaliyompata shangazi

Miaka kadhaa nyuma shangazi yangu alijaaliwa kupata nafasi ya umra. Pesa zilichangwa na wanawe, na wakala mmoja wa safari, ambaye sitamtaja, akamkatia tiketi. Shangazi akamuuliza, "Ni saa ngapi, mwanangu?" Akajibiwa, "Bi mkubwa, ni saa nane tu. Utalala kidogo, utazinduka ushafika."

Tiketi ikaletwa kwangu niisome, kwa kuwa mimi ndiye nihesabiwaye msomi wa nyumba. Nikaona: kuondoka Mombasa 04:30, kufika Jeddah 13:15. Saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa saba na robo mchana. Nikahesabu vidole: saa nane na dakika arobaini na tano. Nikasema, "Naam, ni sawa alivyokwambia." Tukamuaga kwa dua na machozi.

Ambacho sikukiona ni alama ndogo iliyokaa ubavuni mwa ile 13:15. Ilikuwa ni alama ya kujumlisha na namba moja: +1. Maana yake, msomaji, ni kwamba utafika saa hiyo, lakini ya kesho yake. Safari haikuwa saa nane na dakika arobaini na tano. Ilikuwa saa thelathini na mbili na dakika arobaini na tano. Siku nzima, usiku na mchana, shangazi aliketi kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa mji mmoja wa Ghuba, pamoja na wanawake wenzake watatu, hawajui lugha, hawajui pa kulala, wakiogopa hata kwenda msalani kwa pamoja wasije wakaibiwa mabegi.

Ukiongeza saa nne za kabla ya kuruka na saa za kutoka uwanjani Jeddah mpaka Makka, bibi yule alikaa njiani saa arobaini. Alifika miguu imevimba. Umra yake aliikamilisha kwa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na siku mbili za mwanzo zilizobaki alizilala hotelini, yeye ambaye alikuwa amezihesabu siku kumi zile moja moja tangu mfungo mosi.

Aliporudi hakunilaumu. Alinambia neno moja tu: "Mwanangu, si wewe ndiye msomi? Hukukiona kile kijinamba?" Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Na yule wakala? Wallahi hakusema uongo. Saa za angani zilikuwa nane kweli. Aliulizwa safari ni saa ngapi, akajibu ndege ni saa ngapi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na baina yake ndipo shangazi alipopotezewa siku nzima.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Kwa hivyo hesabu ambayo ningependa kila nyumba iifanye si ya uwanja hadi uwanja. Ni ya mlango hadi mlango: tangu unapofunga mlango wa nyumbani mpaka unapofungua mlango wa chumba chako Makka. Nitaonyesha mfano wa njia ya Addis ikiwa na kungoja kwa wastani.

Kutoka nyumbani na kuwa uwanjani saa tatu kabla: weka saa nne. Ndege ya kwanza: saa mbili na robo. Kungoja Addis: saa tatu. Ndege ya pili: saa mbili. Pasipoti, alama za vidole na mizigo Jeddah: saa mbili, na msimu wa msongamano zaidi. Barabara ya Jeddah hadi Makka: saa moja na nusu. Jumla ni kama saa kumi na tano.

Njia ya Nairobi kwa SGR, ukihesabu kufika Miritini mapema, treni, kungoja uwanjani, ndege ya saa nne na yaliyobaki, ni saa kumi na nane hadi kumi na tisa. Njia ya Dubai ikiwa na kungoja kwa saa nne ni kama saa ishirini. Ikiwa kungoja ni saa ishirini na nne, ni saa arobaini, kama za shangazi.

Na hapa nazungumza na aliyeko Mombasa mjini. Ndugu yetu wa Malindi aongeze kilomita 120 za barabara. Wa Lamu aongeze siku nzima, na usiku mmoja wa kupumzika Mombasa ni bora kuliko kushuka basi na kupanda ndege. Wa Kwale, tangu kufunguliwa barabara ya Dongo Kundu, halazimiki tena kuweka saa za foleni ya feri ya Likoni, na hiyo ni rehema.

Kuhusu kipande cha mwisho, uwanja wa Jeddah uko kaskazini mwa mji, na kutoka hapo hadi Makka kwa barabara ni kama kilomita 100. Ipo pia treni ya mwendo kasi ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria 2018, inayounganisha Makka, Jeddah na Madina kwa njia ya kilomita 450 hivi, na ina kituo hapo hapo uwanjani. Anayesafiri peke yake aifikirie. Aliye na kikundi kwa kawaida huchukuliwa na basi.

Mikati iko angani

Kwa msafiri wa kawaida, kukosea saa ni uchovu. Kwa anayekwenda umra au hija, kukosea saa kunaweza kugusa ibada yenyewe. Mwenye kukusudia umra au hija haruhusiwi kuvuka mikati bila ya kuingia katika ihramu. Akivuka, hutakiwa arudi mikatini, au achinje. Zamani msafiri aliiona mikati kwa macho, akashuka, akaoga, akavaa. Leo mikati hupita chini yake akiwa kilomita nyingi juu, pengine amelala.

Na mikati hubadilika kwa njia uliyopitia. Anayetoka kusini huelekezwa Yalamlam, ambayo ni ya watu wa Yemen, na iko kama kilomita 100 kusini ya Makka. Anayetoka Ghuba kwa mashariki hupita usawa wa Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Kwa wanaotokea Afrika wakavuka Bahari ya Sham masheikh wana maelezo yao kuhusu hesabu ya usawa wa mikati, na sitajitia ufundi katika lisilokuwa langu. Muulize sheikh wa kikundi chako kabla ya safari, si ndani ya ndege.

Ninachoweza kukupa ni hesabu ya dakika. Kutoka usawa wa Yalamlam mpaka uwanja wa Jeddah ni kama kilomita 130. Ndege hupita masafa hayo kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Choo cha ndege ni kimoja au viwili kwa watu wengi, na dakika ishirini za mwisho abiria huamrishwa wakae na wafunge mikanda. Kwa hivyo anayesema "nitavaa tukikaribia" amechelewa kabla hajaanza. Mashirika mengine hutangaza mikati inapokaribia, mengine hayatangazi.

Wanaume wavae ihramu ardhini, kwenye uwanja wa mwisho kabla ya Jeddah, na nia waiweke ndege inapokaribia mikati au kabla kidogo kwa tahadhari. Na ihramu iwe kwenye begi la mkononi. Nimewasikia wengi walioitia kwenye sanduku kubwa, sanduku likaenda tumboni mwa ndege, wao wakabaki na suruali.

Njia nyengine inayowafaa wazee ni kutua Madina kwanza. Mombasa hadi Madina kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,165, si nyingi zaidi. Hapo mtu huingia na nguo zake za kawaida, akazuru, akapumzika, kisha akavaa ihramu kwa utulivu Dhul Hulayfa, panapojulikana kama Abyar Ali, akiwa kwenye ardhi, palipo na maji na nafasi. Ikiwa kikundi chako kina hiari, iulizie.

Na faida moja ya ule mstari ulionyooka: ukiwa kwenye ndege inayotoka Addis kwenda Jeddah, kibla kiko mbele, pua ya ndege inapoelekea, mpaka karibu na kushuka. Kiti chako chenyewe kimeelekea. 

Waliotangulia

Kabla hatujazilalamikia saa kumi na tano, tukumbuke babu zetu. Chombo hakiwezi kukata Ethiopia. Chatoka Mombasa, chafuata pwani ya Somalia mpaka Ras Guardafui, chazunguka, chaingia Ghuba ya Aden, chapita Bab el Mandeb, ndipo kiingie Bahari ya Sham kupanda hadi Jeddah. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 4,000. Na jahazi la tanga haliendi kwa matakwa ya nahodha. Kwenda kaskazini hungoja kusi, inayovuma kuanzia kama Aprili, nayo ikichacha katikati ya msimu bahari haiendeki. Kurudi hungoja kaskazi, kuanzia kama Novemba. Hija nayo hufuata mwezi, husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Kwa hivyo ilitokea pepo na hija zisikutane, na hujaji akalazimika kuondoka miezi mingi kabla, akae bandarini hadi siku zifike. Aliyeaga alikuwa ameaga kweli. Aliandika wasia, akalipa madeni, akaomba radhi mtaa mzima.

Leo tumebaki na desturi ya kuomba radhi, na ni nzuri. Lakini wazee wale walikuwa na jambo jengine ambalo sisi tumeliacha: walijua njia yao. Walijua wataondoka na pepo gani, watatia nanga wapi, watangoja muda gani. Sisi tunamkabidhi mtu pesa na pasipoti, tunapewa karatasi, tunaikunja.

Maswali sita kabla ya kulipa

Basi ukienda kwa wakala, au ukimkatia mzazi wako tiketi, uliza haya sita, na majibu yaandikwe.

Moja, nitabadilisha ndege wapi, na mara ngapi?

Mbili, nitangoja saa ngapi kila mahali? Usikubali jibu la "kidogo tu". Taka namba.

Tatu, jumla ya safari nzima ni saa ngapi? Nayo uihesabu mwenyewe. Kwa kuwa Kenya na Saudia zina saa moja, hesabu ni nyepesi: toa saa ya kuondoka kutoka saa ya kufika. Ukiona +1 ongeza saa ishirini na nne, na +2 ongeza arobaini na nane. Saa za mji wa katikati zisikuchanganye. Dubai kwa mfano iko mbele yetu kwa saa moja.

Nne, tarehe ya kuondoka ni usiku wa kuamkia lini? Tiketi hutumia saa ishirini na nne na siku huanza 00:00, si Magharibi kama hesabu yetu. Tiketi ya Ijumaa 01:30 maana yake uwe uwanjani Alhamisi usiku. Wapo waliofika Ijumaa usiku wakaambiwa ndege yao imeondoka jana.

Tano, kungoja kukizidi saa nane, nani analipia hoteli na chakula, na je pasipoti yetu inaruhusiwa kutoka uwanjani?

Sita, kiti cha magurudumu kimeombwa tangu sasa kwa kila uwanja, au kwa ule wa kwanza tu?

Wakala mwema hatachukia kuulizwa. Wapo wengi wema, wanaohangaika na mahujaji wetu usiku na mchana, na Mungu awalipe. Anayekasirika kwa maswali amekwisha kukujibu.

Tofauti ya bei baina ya tiketi ya saa kumi na tano na ya saa arobaini ipo, sikatai, na si kila nyumba inaimudu. Mwenye nguvu zake akiichagua ile ndefu kwa kujua, ni hiari yake, na uchovu wake Inshallah una ujira. Ninachokikataa ni mzazi wa miaka sabini kuichagua bila kujua kwamba ameichagua.

Shangazi sasa ana miaka themanini kasoro. Mwaka huu wanawe wanataka kumpeleka tena, akiwa na mjukuu wake wa kike wa kumsaidia. Tiketi imeletwa kwangu. Nimeisoma mara tatu, kwa miwani. Kupitia Addis, kungoja saa mbili na dakika hamsini, hakuna +1. Nikamwambia, "Shangazi, tangu mlangoni kwako mpaka Makka ni saa kumi na tano." Akanitazama, akacheka. "Za ndege," akaniuliza, "au zangu mimi?"

Zako wewe, shangazi.

Wabillahi tawfiq.